Miaka minne bila mechi: kisa cha golikipa Josh Lambo

Tarehe 18 Januari 2008, huko Fort Lauderdale, Florida, klabu ya FC Dallas ilichukua vijana wawili katika raundi ya kwanza ya drafti ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, yaani siku ambayo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Brek Shea, chaguo la 2. Wa pili alikuwa golikipa Josh Lambo, chaguo la 8. Wote wawili walikuwa na miaka 17, na wote walitoka kwenye kambi ya timu ya taifa ya vijana wa Marekani iliyokuwa Bradenton, Florida. Miezi michache nyuma Lambo alikuwa Korea Kusini na kikosi cha Marekani kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17.

Miaka minne baadaye Shea alikuwa kwenye kikosi bora cha ligi cha mwaka 2011, na baada ya hapo akanunuliwa na Stoke City ya Uingereza. Lambo alikuwa ametemwa. Tangu siku ile ya drafti hakuwa amecheza hata dakika moja ya mechi ya ligi ya MLS.

Kwa kawaida kisa cha namna hii huishia hapo, na ndiyo sababu hatuvisikii. Kijana anasajiliwa, anasugua benchi, jina linafutika kwenye orodha, basi. Cha Lambo kiliendelea. Mwaka 2012 aliingia Chuo Kikuu cha Texas A&M, akavaa helmeti ya futiboli ya Kimarekani, na kufikia mwaka 2014 alikuwa mpigaji wa mikwaju wa timu inayocheza mbele ya watu zaidi ya laki moja. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kila hatua yake, mbaya na nzuri, ina kanuni nyuma yake ambayo mtu aliikaa na kuiandika. Kipaji kipo, bahati ipo. Lakini ukizifuata kanuni unaona kwa nini kijana alipotea na kwa nini akapatikana.

Mkataba wenyewe

Marekani njia ya kawaida ya mwanasoka kwa miaka mingi ilipita chuoni. Unamaliza sekondari, chuo kinakupa udhamini, unasoma na kucheza miaka minne, kisha unaingia drafti ukiwa na miaka 22. MLS iliona kwamba kwa njia hiyo vipaji vinachelewa. Wakati mwenzake wa Brazili au Ghana ameshacheza mechi mia za watu wazima, Mmarekani bado anafanya mitihani. Mwaka 1997 ukaanzishwa mpango ulioitwa Project-40, na kuanzia 2005 ukaitwa Generation Adidas. Ligi inamsainisha kijana moja kwa moja, mshahara wake una dhamana na hauhesabiwi kwenye kikomo cha bajeti ya klabu. Halafu kuna kipengele ambacho ndicho kiini cha uchambuzi huu: ndani ya mkataba huo ligi hutenga fedha za kusomea chuo baadaye.

Sababu ya kipengele hicho ni nyepesi kuielewa ukiwa mzazi. Kijana anayesaini mkataba wa soka la kulipwa anapoteza haki ya kucheza soka la chuo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ilikuwa haitaki mchanganyiko wa mtu aliyelipwa na mtu asiyelipwa ndani ya mchezo mmoja. Kwa hiyo unapomshawishi mtoto wa miaka 17 aache udhamini wa chuo, unamnyang'anya ada yake ya kesho, na ligi ilikubali kwamba ni lazima irudishe kitu mahali hapo. Huku kwetu michezo ya vyuo vya Marekani tunaijua kupitia wachache waliopita huko: Suleiman Nyambui aliyekimbia akiwa El Paso, Texas, kabla ya medali ya fedha ya Moscow 1980, na Hasheem Thabeet aliyetoka Dar es Salaam hadi Connecticut na kuwa chaguo la 2 la drafti ya NBA mwaka 2009. Kwa hao chuo kilikuwa ngazi ya kupandia. Lambo, aliyesaini mkataba wa Generation Adidas, alianza kwa kuiruka ngazi hiyo.

Dallas: nafasi moja na watu wazima wawili

Shea alikuwa winga, na wakati mwingine beki. Winga anaweza kuingizwa dakika ya 80 timu ikiwa inaongoza mabao matatu. Akikosea, watu wanazomea kidogo na mechi inaisha. Kipa hana dakika ya 80. Kocha hamtoi mdaka mishale wake mzima wa afya ili mtoto apate uzoefu, na kocha mwenye kibarua kinachoyumba ndiyo kabisa. Katika kikosi kizima hii ndiyo nafasi pekee ambayo namba mbili anaweza kuwa hodari kwa msimu mzima na asionekane.

Lambo alipofika Dallas langoni alikuwepo Dario Sala, Muargentina mzoefu. Mwaka 2010 klabu ikamchukua Kevin Hartman, mkongwe aliyekuwa amedakia Los Angeles Galaxy na Kansas City na aliyekuwa na rekodi ya ligi ya mechi nyingi bila kufungwa. Alikuwa na miaka 36 na alikuwa kwenye ubora wake. Mwaka huo Dallas ilifika fainali ya MLS huko Toronto na kufungwa 2-1 na Colorado Rapids, Hartman akiwa golini. Hakuna anayeweza kumlaumu kocha kwa uteuzi huo.

Umri wa kipa hauendi kama umri wa winga. Edwin van der Sar alikuwa na miaka 37 alipopangua penalti ya Nicolas Anelka jijini Moscow mwaka 2008 na kuwapa Manchester United kombe. Sisi wenyewe tunakumbuka Juma Kaseja alivyoirudia Taifa Stars mwaka 2019, akiwa amepita miaka 30 kwa mbali, na kuibeba kwa penalti dhidi ya Burundi. Kipa anaiva taratibu, na anaivishwa na mechi: krosi zilizomzidi akili, mabao ya kizembe aliyofungwa na kuyaamkia kesho yake mazoezini. Mazoezi peke yake hayamfundishi lini atoke na lini abaki. Kumsajili kipa wa miaka 17 bila kumpa mahali pa kukosea ni kumweka darasani bila mtihani kwa miaka minne.

Na mahali pa kukosea palifutwa. Hapa ndipo ninapouma meno kila nikisoma kisa hiki. MLS ilikuwa na ligi ya wachezaji wa akiba tangu 2005. Baada ya msimu wa 2008, ule ule ambao Lambo aliingia, ligi hiyo ikafungwa. Ilirudi 2011. Kwa hiyo katika miaka minne ya mkataba, miwili ya katikati, 2009 na 2010, alipokuwa na umri wa miaka 18 na 19, hapakuwa na mashindano yoyote ya kikosi cha pili ndani ya ligi. Vikosi vikuu navyo vilipunguzwa. Uamuzi ulikuwa wa kihesabu, kupunguza gharama. Aliyeulipia ni kila kijana ambaye jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya makipa.

Sisemi kwamba Lambo angekuwa kipa mkubwa. Hilo halijapimwa, na kutopimwa kwake ndiko kunakonisumbua. Chaguo la 8 la taifa zima lilikaa miaka minne bila kupewa karatasi ya mtihani, na mwisho likapewa sifuri.

Mlango uliokuwa wazi pembeni

Mwisho wa 2011 alikuwa ametimiza miaka 21, bila klabu na bila mechi. Chuoni asingeweza kucheza soka. Huo ni mchezo aliolipwa. Wengi hudhani kwamba hapo mlango wa michezo ya chuo umefungwa kabisa. Haukufungwa. Kanuni za NCAA zinaruhusu mtu aliyekuwa mchezaji wa kulipwa katika mchezo mmoja kuwakilisha chuo katika mchezo mwingine. Zuio lilikuwa kwenye fedha: asipewe udhamini wa michezo wakati bado yuko chini ya mkataba wa kulipwa. Ukishaachana na klabu, unaingia kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Mlango huu ulishapitiwa, zaidi na wacheza besiboli. Chris Weinke alisaini Toronto Blue Jays mwaka 1990, akahangaika miaka sita kwenye ligi ndogo, akarudi Florida State kucheza futiboli ya Kimarekani na kushinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, ya mwaka 2000 akiwa na miaka 28. Brandon Weeden alichaguliwa na New York Yankees mwaka 2002, bega na matokeo vikamkataa, akaenda Oklahoma State, na mwaka 2012 Cleveland ikamchukua raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli hiyo, naye akiwa na miaka 28. Wote walikuwa warushaji mpira. Lambo alikuja na mguu.

Kuna kanuni ya pili inayomsaidia mtu wa njia hii, na hii huwa haizungumzwi. Mwanamichezo wa chuo hupewa miaka mitano ya kucheza misimu minne, na saa hiyo inaanza kugonga siku anapojiandikisha kuwa mwanafunzi wa muda wote. Kijana anayekwenda moja kwa moja kwenye klabu bila kujiandikisha chuoni haianzishi saa hiyo. Miaka ya klabu inaweza kumla soka lake, lakini kwenye saa ya chuo haili hata dakika. Anaingia chuoni na saa mpya kabisa. Kijana aliyejiunga na chuo nusunusu, akaacha, akaenda majaribio huku na kule, angefika akiwa na saa iliyokwisha kuliwa nusu. Mzazi anayemshauri mtoto akaandikishe chuo "ili tu jina liwepo" wakati anafukuzia mpira wa kulipwa anaweza kuwa anamwibia bila kujua.

Texas A&M alijiunga na timu bila udhamini wa michezo. Wakati ule chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa udhamini wa wachezaji 85, na orodha ya timu ilizidi hapo kwa makumi: vijana wanaojigharamia, wanaokuja mazoezini alfajiri kama wengine na hawana ahadi yoyote. Chuo kile kina heshima ya pekee kwa watu wa aina hiyo. Kinasimulia habari ya E. King Gill, mwanafunzi aliyeitwa kutoka jukwaani tarehe 2 Januari 1922 huko Dallas kwa sababu wachezaji walikuwa wanaisha kwa majeraha. Akavaa jezi, akasimama pembeni tayari hadi mwisho, hakuingizwa. Hadi leo wanafunzi wa A&M husimama mechi nzima kwa kumbukumbu yake. Mtu aliyetoka kusimama tayari kwa miaka minne bila kuingizwa asingeweza kuangukia mahali panapomwelewa kuliko hapo.

Kutoka chini ya mtambaa panya hadi juu yake

Kazi yenyewe ilibadilika vipi? Golikipa wa soka analinda upana wa mita 7.32, na mtambaa panya uko mita 2.44 juu ya nyasi. Kila kitu kinachopita chini yake ni dhambi yake. Mpigaji wa futiboli ya Kimarekani anatakiwa kupitisha mpira juu ya mtambaa ulioko mita 3.05, katikati ya nguzo zilizoachana mita 5.64. Kipa akiuona mpira unapaa namna hiyo hupumua. Sasa kupaa huko ndiko mshahara wake.

Mguu ni ule ule. Kipa anapiga mpira mrefu kutoka golini mara kadhaa kila mechi, mazoezini mara mia, anajua kuufunga kifundo na kuupeleka mwili mbele. Kigumu ni kilichobaki. Mpira si duara. Haupigi ukiwa umejipanga utakavyo: mmoja anaurusha nyuma kupitia katikati ya miguu yake, mwingine aliyepiga goti anaudaka, anausimamisha kwa kidole, na kati ya kurushwa na kupigwa ni sekunde 1.3 hivi. Ukichelewa, watu wa kilo 140 wameshafika na mikono juu. Unapiga, unatoka, na huenda usiitwe tena hadi robo ya nne.

Hapo naona miaka ya benchi ilimlipa, na hii ni hukumu yangu mimi. Kipa wa akiba huishi maisha ya mpigaji: dakika 89 za baridi, kisha tukio moja ambalo lazima alifanye sawasawa bila kupashwa moto na mchezo. Winga hufundishwa kukosea na kujaribu tena mara hiyo hiyo. Kipa hufundishwa kwamba kosa lake liko ubaoni na halitoki, na bado lazima asimame wima kwa shuti linalofuata. Ukitafuta shule ya kumwandaa mpigaji wa futiboli, huwezi kupata iliyo karibu zaidi.

A&M ilikuwa kwenye kelele zake kubwa kuliko wakati wowote. Mwaka 2012 ilihamia ligi ya SEC chini ya kocha Kevin Sumlin, na Johnny Manziel akawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kwanza kushinda Heisman. Uwanja wa Kyle Field ulikuwa unapanuliwa. Tarehe 11 Oktoba 2014, dhidi ya Ole Miss, waliingia watu 110,633. Uwanja wa FC Dallas kule Frisco ulichukua kama 20,000, na hao hawakuwahi kumwona akicheza mechi ya ligi. Mbele ya umati ule wa Kyle Field alikuwa mchezaji halali, anayetegemewa kwa pointi.

Jambo moja dogo lisilo na uzito wa hoja ila siwezi kuliacha: Brek Shea, mwenzake wa drafti, yule aliyefanikiwa, alizaliwa College Station, mji wenye chuo kile, ule ule ambao Lambo alikwenda kuanza upya.

Yaliyofuata naya­pitia haraka. Mwaka 2015 hakuchaguliwa kwenye drafti ya NFL, akaenda San Diego Chargers kama mchezaji huru na kumng'oa mkongwe Nick Novak. Miaka miwili baadaye Chargers wakamtema, na Oktoba 2017 Jacksonville Jaguars wakamchukua. Msimu huo alifunga mikwaju 19 kati ya 20, na Januari 2018, kwenye nusu fainali ya NFL dhidi ya New England Patriots, akapitisha mmoja wa yadi 54, karibu mita 49. Mwaka 2019 alifunga 33 kati ya 34. Oktoba 2021 Jacksonville nao wakaachana naye. Kutemwa mara tatu na klabu tatu, katika michezo miwili. Baada ya Dallas nadhani hizo nyingine zilimkuta ameshajua njia ya kurudi nyumbani.

Ingekuwa leo

Swali ninaloulizwa nikisimulia kisa hiki ni kama kijana wa leo anaweza kukirudia. Nikiangalia kanuni zilivyobadilika, naona ni vigumu, kwa sababu mbili zinazovuta pande tofauti.

Upande wa vyuo, makubaliano ya kesi kubwa yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025 yaliruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na yakaondoa kikomo cha udhamini. Badala yake yakaweka kikomo cha orodha: wachezaji 105 kwa timu ya futiboli. Nafurahi kwamba wanaojaza viwanja vile sasa wanapata sehemu ya fedha. Lakini walioumia kwanza ni wale wa mkiani, wanaojigharamia na wasio na jina, yaani Lambo wa 2012. Timu iliyokuwa na nafasi ya kumweka golikipa wa zamani kwa msimu mmoja au miwili "tuone mguu wake" leo inahesabu vichwa.

Upande wa soka, lile shimo lililomla limezibwa. Mwaka 2019 FC Dallas ilianza kuchezesha timu yake ya pili, North Texas SC, na ikatwaa ubingwa wa ligi yake msimu ule ule wa kwanza. Tangu 2022 timu hizo za pili zina ligi yao, MLS Next Pro, yenye mechi zaidi ya 20 kwa msimu. Golikipa wa miaka 17 anayesaini Dallas leo ana mahali pa kufungwa mabao ya kizembe siku ya Jumapili na kuyarekebisha Jumatatu. Mwisho wa mwaka wa pili klabu inajua ana nini, na yeye mwenyewe anajua.

Kwetu huku bado kuna klabu zinazomchukua kijana kutoka kidato cha tatu kwa furaha ya mtaa mzima, na kwenye karatasi aliyosaini baba yake hakuna mstari unaotaja shule. Nikipewa karatasi kama hiyo niisome, huwa natafuta vitu viwili kabla ya mshahara: atacheza wapi asipopangwa kikosi cha kwanza, na nani atamlipia ada siku akitemwa. Lambo alikuwa na jibu la swali la pili. La kwanza, mwaka 2009, Dallas hawakuwa nalo.